Bahasha za Daktari

Mtaa mzima ulimwita Daktari, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alisema mtu akikupa cheo kikubwa kuliko chako, kumrudishia ni utovu wa adabu. Watu walicheka, na jina likazidi kumganda. Ukweli ni kwamba alikuwa mwanamke muuzaji wa duka la dawa, mwenye cheti cha mafunzo ya miezi minne kilichotundikwa juu ya rafu ya dawa za kikohozi, ndani ya fremu nzuri kuliko cheti chenyewe.

Miaka kumi na tisa alisimama nyuma ya kaunta ile ile. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kiti cha plastiki kwa wasioweza kusimama, mizani iliyomzidishia kila mtoto uzito kidogo, na harufu ya spiriti isiyotoka hata akipiga deki mara mbili. Alijua nani ana presha na nani huisingizia presha akitakiwa kufua. Mama akija na mtoto analia, Daktari alimfunua mtoto macho, akambonyeza tumbo, akatoa hukumu kabla mama hajamaliza kueleza. Mara nyingi alipatia. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana anayepatia mara nyingi husahau kwamba anabahatisha.

Lililompa sifa zaidi ni bahasha zake. Maduka mengine yalitia vidonge vya kuhesabu kwenye vifuko vya nailoni. Yeye alikunja bahasha mwenyewe, kwa karatasi zilizoandikwa upande mmoja: mitihani ya zamani, matangazo ya mikutano, barua za ofisi zilizokwisha kazi. Karatasi moja aliikata kwa mlalo vipande vinne, akakunja kila kipande mara mbili, akagandisha pembeni kwa gundi ya unga. Maandishi yalibaki ndani na upande mweupe ukakaa nje, ndipo aandike kwa kalamu yake nene: kimoja mara tatu, baada ya kula. Vidonge vikiisha, watu walizichana bahasha wasome kilichomo. "Kwa Daktari," walisema, "unanunua dawa ya kichwa unaongezewa na jografia." Yeye alijibu kwamba kwake hakitupwi kitu.

Mdogo wake, tumbo moja baba mmoja, alikuwa mpiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa kazi hiyo. Alikuwa na binti mmoja, ambaye kwa wingi wa maneno walimpachika jina la Chiriku. Baba wa mtoto alishika njia zamani, na tusimtafute, maana yeye mwenyewe hakututafuta. Daktari hakujaliwa kuzaa, kwa hiyo Chiriku alikuwa wa wote wawili. Akitoka shule alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akahoji wagonjwa wanaumwa wapi na kwa nini. Ilibidi wagonjwa wenye maradhi ya aibu wasubiri mpaka atumwe maji.

Alipokuwa na miaka mitano, tumbo lilimshika. Mama yake alidhani ni gesi. Daktari alimbonyeza chini upande wa kulia, akaachia mkono ghafla, mtoto akaruka kwa maumivu. "Funga mlango," Daktari alimwambia mdogo wake. "Tunakwenda hospitali sasa hivi." Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na usaha umetapakaa tumboni. Walimpasua, wakamsafisha, akakaa wodini siku kumi na moja. Wakubwa wa wodi walisema wangechelewa siku moja tu, yangekuwa mengine. Chiriku alitoka na kovu refu katikati ya tumbo, akawa anawaonyesha wapita njia bila kuombwa. "Mimi nilikatwa," alisema kwa majivuno.

Tuseme haki ya mtu: mara ile Daktari alimwokoa mtoto. Mdogo wake alimshika miguu akalia, na tangu siku hiyo neno la dada likawa ndilo neno.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimpa mama karatasi ya maelekezo. Alimsomea, kisha akampa kalamu yake nyekundu apigie mstari sehemu moja. Mama alipiga mstari. Lakini hakuwa amepata usingizi wa maana siku kumi na moja, na maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kwao paa lilivuja, kila karatasi iliishia kuwa uji. Akampelekea dada yake. "Itunze wewe, dada. Wewe ndiye unayejua mambo yao."

Daktari aliitia kwenye droo ya vitu vya maana, bila kuisoma. Alisema ataisoma akitulia. Tena, aisome ya nini? Mambo ya vidonda alikuwa anayajua: usibebe kizito, usiloweshe kidonda, kula matunda.

Droo ilijaa. Mwaka uliofuata, siku ya mvua isiyo na wateja, aliamua kuipunguza. Alitoa rundo la karatasi zilizokuwa nyeupe upande mmoja, akakata, akakunja, akagandisha, mpaka kopo zima la biskuti likajaa bahasha. Mikono iliyozoea kazi haisomi. Karatasi ya Chiriku ilikuwa katikati ya rundo hilo, na yeye hakujua wala hakuikumbuka.

Chiriku akafikisha miaka saba. Jumamosi moja asubuhi mama yake alimleta dukani, mtoto kajikunja, mkono tumboni.

"Tangu jana jioni, dada. Linauma, linaacha, linarudi tena."

Daktari alimlaza kwenye benchi, akambonyeza. Hapakuwa na mahali pamoja palipouma kuliko pengine.

"Kidole tumbo hakipo tena, hakiwezi kututisha mara mbili," alisema. "Hii ni minyoo. Huyu anakula na mikono michafu, na anaongea huku anakula."

Alimpa dawa ya minyoo pale pale. Nyuma yao walikuwa wameshasimama wateja wawili, mmoja wao mke wa mwalimu mkuu, ambaye alipenda kusema hadharani kwamba Daktari huyu anawapita wa hospitali. Mdogo mtu hakuondoka.

"Haiwezi kuwa mambo ya ule upasuaji?"

"Wa miaka miwili iliyopita? Kovu lenyewe limeshakuwa jeupe. Kitu kikishapona kimepona."

"Ni kwamba kwenye ile karatasi, kuna mahali nilipiga mstari mwekundu. Nesi alisisitiza sana. Palisemaje pale, dada?"

Hapo, msomaji, ndipo penye habari yote. Daktari alijua papo hapo kwamba hajaisoma ile karatasi, na kwamba hata ilipo hajui. Jibu la kweli lilikuwa neno moja fupi ambalo hata mtoto wa chekechea analo: sijui. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeulizwa. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa anasikiliza. Cheti kilikuwa ukutani. Na mdogo wake alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya kumwamini.

"Palisema asibebe vitu vizito," akajibu.

Mdogo mtu akashusha pumzi. "Basi afadhali," akasema, akamshika mtoto mkono wakaenda.

Mchana walirudi. Chiriku alikuwa ametapika mara mbili, hajapata choo, na tumbo limeanza kujaa. Daktari alikuwa na majibu. Minyoo inakufa, alisema, imejikusanya ikaziba njia, inataka kusukumwa. Akahesabu vidonge vinne vya kuendesha tumbo, akachukua bahasha moja kwenye kopo la biskuti, katika zile za chini zilizobanana, akaandika: viwili leo jioni, viwili kesho asubuhi.

"Mama mkubwa," Chiriku aliuliza, "minyoo ikifa ndani inazikwa wapi?"

Wakacheka wote watatu. Daktari angekuja kulikumbuka swali lile miaka na miaka, kwa sababu lilikuwa la mwisho yeye kuulizwa na mtoto yule bila woga.

Jumapili asubuhi hakufungua duka kwanza. Alipita kwa mdogo wake, akijiambia anapita tu kusalimia. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya pasi, na beseni sakafuni. Chiriku alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, amenyamaza. Chiriku, amenyamaza! Kwenye beseni mlikuwa na matapishi ya kijani, kijani cha majani yaliyopondwa.

"Ametapika hivyo tangu alfajiri," mama yake alisema. "Vidonge vya jioni nilimpa, tumbo likamkata nusura azimie. Hivi vya asubuhi nimeogopa."

"Ni nyongo tu hiyo. Hajala, atatapika nini?"

Ulimi ulisema hivyo wenyewe, kwa mazoea. Lakini mkono ulikuwa umeshagusa tumbo la mtoto, na lilikuwa limewamba, gumu.

"Hewa ya tumboni anatoa?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Hatoi. Tangu jana."

"Mama mkubwa," Chiriku alisema polepole, macho kafumba, "dawa yako inaniuma."

Mdogo mtu hakungoja hukumu. Alivuta shuka, akamfunga mtoto, akambeba kwa ule mkono wake wa pasi. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuuliza. Daktari aliwafuata nyuma kama mtu aliyealikwa kwa makosa, kiatu kimoja hakijafungwa.

Hospitali, aliyewapokea alikuwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Kabla ya kuuliza chochote alimfunua mtoto nguo, akatazama kovu.

"Huyu alipasuliwa lini? Kwa nini?"

Wakamwambia. Aliamuru dripu, mpira wa puani wa kutoa maji ya tumboni, na picha ya eksirei. Picha ilipotoka aliishika dirishani kwenye mwanga, kisha akaja kukaa nao kwenye benchi la korido, akisema taratibu.

"Utumbo umefunga. Mtu akipasuliwa tumbo, kovu la nje ndilo mnaloliona. Ndani nako kunakuwa na makovu, hasa kama kulikuwa na usaha. Yale makovu hugandisha utumbo kwa utumbo, mengine hujivuta kuwa kamba. Mtoto anaweza kukaa nayo maisha yake yote asijue. Siku nyingine utumbo unapita chini ya kamba, unajinyonga. Chakula hakipiti, hewa haipiti. Ukikazwa sana damu nayo haipiti, na hapo utumbo unakufa." Akavua miwani. "Amepewa dawa gani?"

Mama alitoa bahasha kwenye mkoba, na vidonge viwili vilivyobaki. Daktari wa upasuaji aliisoma kwa nje. Haikuwa na jina la dawa, ilikuwa na maagizo tu. Akamwaga vidonge kiganjani, akavitazama, uso ukabadilika.

"Dawa ya kuendesha? Kwa utumbo uliofunga? Nani kaandika hii?"

Bila kungoja jibu akaichana bahasha kwenye gundi, kuona kama jina la dawa liko ndani. Akasoma. Akasoma tena, halafu akamkabidhi mama.

Maandishi yalikuwa ya chapa, na chini yake mstari mwekundu uliopindapinda, wa mtu aliyekuwa anasinzia: Hata baada ya miaka, mtoto akiumwa tumbo, likivimba, akitapika kijani, au asipopata choo wala kutoa hewa, mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Msimpe chakula wala dawa ya kuendesha.

Mama aliutambua mstari wake. Aliusoma kwa kuufuata na kidole mpaka mwisho, kisha akainua macho kwa dada yake. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Dada," alisema, "mimi nilikuuliza."

Daktari angesema nini? Kwamba hakujua bahasha ilitoka wapi? Hilo lilikuwa kweli, na lingesamehewa. Karatasi ni karatasi, huchanganyika. Asingeweza kueleza lile jibu la Jumamosi, alilolitunga yeye mwenyewe, macho makavu, mbele ya wateja.

"Daktari!" nesi aliita kutoka mwisho wa korido, na yeye, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akageuka. Mwenye jina lake akampita mbio, koti likipepea, kwenda kwa mtoto.

Walimpasua mchana ule ule. Kwa muda wa saa tatu na nusu dada wawili walikaa benchi moja, mmoja mwanzo wa benchi na mwingine mwisho, katikati wakiwa wamekaa watu wasiowajua. Daktari wa upasuaji alipotoka, kofia mkononi, alimfuata mama peke yake, na Daktari wa mtaa alisikiliza kwa mbali.

"Yuko hai. Kamba ya kovu nimeikata. Ila kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa, urefu kama wa mkono wake. Nimekitoa, nimeunganisha. Tumbo lake litakuwa linasumbua, chakula mtakuwa mnampa kidogo kidogo." Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilichoma kuliko tusi. "Makovu yale hakuyaweka mtu, mama. Huenda utumbo ungefunga hata mngefanya kila kitu sawasawa. Lakini mngekuja jana asubuhi, labda ungefunguka wenyewe kwa dripu na mpira. Au ningekata kamba tu, nisikate utumbo."

"Na sasa imekwisha?" mama akauliza.

"Nimempasua tena," alisema daktari wa upasuaji. "Kila tunapopasua tunaacha makovu mapya. Mtakuwa mnaangalia. Siku zote."

Hayo ndiyo malipo, na aliyeyabeba si mkosaji. Mwenye kiburi hubaki na utumbo wake mzima.

Chiriku alikaa wodini wiki tatu. Mama yake aliacha kazi ya pasi akalala chini ya kitanda. Daktari alikuja kila siku saa ya kuona wagonjwa, na kila siku alimkuta mdogo wake ana shughuli: anakunja shuka, anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa, anamwita nesi. Hakufukuzwa. Hakuna aliyemwambia usije. Aliitwa dada kama zamani, akapewa kiti. Matunda aliyoleta yalipokelewa kwa mikono miwili, na kesho yake akayakuta kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alitoa karatasi ya maelekezo. Mdogo mtu aliisoma yote amesimama, akaomba kalamu, akanakili kila neno kwenye daftari. Daktari alinyoosha mkono.

"Nikusaidie kuitunza?"

Mdogo wake aliikunja karatasi, akaitia kifuani. "Ninajua kusoma, dada," akasema.

Duka liliendelea. Duka haliwezi kuona haya. Daktari alitupa kopo lile la biskuti na bahasha zake zote, baada ya kuzichana moja moja siku nzima, mlango umefungwa. Alipata vile vipande vitatu vilivyobaki vya karatasi ya Chiriku. Kimojawapo kilisema kweli asibebe vitu vizito, wiki sita. Alikaa nacho muda mrefu. Kumbe hakuwa amedanganya kabisa, alijaribu kujiambia, na yeye mwenyewe akajionea kinyaa.

Akaanza kununua vifuko vya nailoni. Wateja walinung'unika wakitaka jografia yao. Akaanza pia kusema neno jipya. Mama akija na mtoto anashika tumbo, Daktari aliuliza amewahi kupasuliwa, anatoa hewa, ametapika rangi gani, kisha akasema, "Sijui. Mpeleke hospitali." Mwanzoni walidhani anatania. Mke wa mwalimu mkuu alikasirika kabisa. "Kama hujui, miaka yote hii ulikuwa unatutibu na nini?" akauliza, na akahamia duka la mbele, kwa kijana anayejua kila kitu. Wengi walimfuata. Mtu anayekiri hajui hapendwi mtaani. Nalo jina halikumtoka, lilirefushwa tu: Daktari Sijui.

Ilipita karibu mwaka. Alasiri moja, akiwa anapanga dawa rafuni, aliona kivuli kifupi kikipita nje ya nondo. Alikuwa Chiriku, amerefuka, amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola ya shule.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Kiti chako kipo."

Chiriku alitazama kiti. Hakuingia. "Nimetumwa dukani."

"Duka si hili hapa?"

"Mama kasema lile la mbele." Akafikiri kidogo, kisha, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mzuri na maneno yake hayakuwa na breki, akaongeza la kumfariji: "Hajasema wewe ni mbaya. Kasema tu ukiulizwa kitu hukijui, unajibu."

Daktari alishika nondo. Nyuma yake cheti kilikuwa kimepigwa vumbi. Yalikuwepo mengi ya kusema, lakini lilikuwepo moja tu alilokuwa na haja nalo, lile alilopaswa kuliuliza kwa makini Jumamosi ile na kulingojea jibu lake mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "tumbo siku hizi halikuumi?"

Mtoto aliweka kiganja juu ya kovu, kwenye shati, kama anayefunga mlango. Alitazama barabarani, kule kwenye duka la mbele, halafu akamtazama mama yake mkubwa kwa huruma.

"Mama kasema hata likiuma," akajibu, "nisikwambie wewe."

Akamuaga kwa adabu, akaenda zake.